Magara: Barabara Ipitayo Uani mwa Watu

Msafiri atokaye Bujumbura kwenda Rumonge kwa Barabara ya Taifa Namba 3 huwa na ziwa mkono wake wa kulia na milima mkono wake wa kushoto safari yote. Akishaziacha nyumba za Kanyosha na Ruziba hufika Mugere, mahali palipo na lile jiwe kubwa linalokumbusha kupita kwa Livingstone na Stanley mwezi wa Novemba, 1871. Wazungu hao wawili walifika pwani hiyo kwa mtumbwi kutoka Ujiji, wakitaka kujua kama mto Rusizi unatoka ziwani au unaingia, nao wakakuta kuwa unaingia. Hata kama walikuwa na haraka, haraka yao ilipimwa kwa mikono ya wapiga makasia.

Kutoka hapo barabara hupita Kabezi, kisha Gitaza, na kila kilometa inayokwisha uwanda wa Imbo unazidi kuwa mwembamba. Huko kaskazini, upande wa Rusizi, Imbo ni tambarare pana yenye mashamba ya mpunga. Huku kusini umebaki ukanda tu, na milima ya Mirwa inateremka ghafla hadi karibu na maji. Mwezi wa Machi, 2015, mlima uliporomoka pale Gitaza baada ya mvua kubwa, ukaua watu na kuikata barabara. Wenye kupita hapo wakati wa masika bado hutupa jicho juu kabla ya kutazama mbele.

Baada ya Gitaza, na kabla ya kufika Minago, ndipo ilipo Magara. Mji huu mdogo ulikuwa katika komini ya Bugarama, mkoa wa Rumonge, mkoa ulioundwa mwaka 2015 na ukadumu mpaka mikoa ya nchi ilipopunguzwa kutoka 18 kuwa 5 mwaka 2025. Mgeni asiichanganye Bugarama hiyo na ile ya mlimani, katika njia ya Kayanza, ambako wasafiri hununua karoti na kabichi kwenye baridi. Magara ni nchi ya joto, michikichi na samaki.

Ili mtu aelewe jambo linalosimuliwa hapa, hana budi kwanza kuielewa ardhi ya Magara. Mlima uko upande mmoja, nao umelimwa mihogo na migomba mpaka mahali ambapo mkulima husimama kwa kujishikiza. Ziwa liko upande wa pili, nalo lina kina kinachofikia mita 1,470 katika sehemu yake ya chini kabisa, mbali huko kusini. Kati ya mlima na ziwa pamebaki ardhi kidogo sana iliyo sawa, na sehemu kubwa ya ardhi hiyo kidogo imechukuliwa na barabara. Katika miaka ya 2021 na 2024 maji ya Tanganyika yalipanda, nyumba nyingi za ufukweni mwa Burundi zikaingiwa na maji, na watu wakazidi kusogea upande wa lami.

Kwa hiyo katika mji wa namna hii barabara haipiti kando ya maisha ya watu. Inapita uani mwao. Mama atokaye nyumbani iliyo mlimani kwenda kuteka maji au kufua ziwani huvuka lami, akavuka tena akirudi na mzigo kichwani. Mtoto aendaye shule hutembea ukingoni mwa lami, kwa kuwa hakuna njia nyingine iliyo sawa. Mvuvi aliyekesha hupandisha samaki wake mpaka barabarani, ambako wachuuzi wanamngoja. Dagaa, ambao hapa huitwa ndagala, huanikwa popote penye jua, na wakati mwingine jua zuri liko ukingoni mwa barabara. Yule samaki ambaye watu wa Kigoma humwita mgebuka, huku aitwa mukeke, na jioni moshi wa jiko linalomchoma hupita barabarani ukiwa chini ya vioo vya magari. Wazee huketi kwenye benchi lililo hatua tatu kutoka magurudumuni. Mbuzi nao hawana kwao kwingine.

Katika uani huo hupita malori yenye mapipa ya mawese kutoka Rumonge, malori yanayotoka Tanzania, baiskeli zilizofungwa madumu ya mawese manne au sita, pikipiki, magari ya taksi na mabasi madogo ya Hiace. Mengi ya magari hayo madogo yaliletwa kutoka Japani kwa njia ya Dar es Salaam, na usukani wake uko kulia. Burundi huendesha kulia mwa barabara, tofauti na Tanzania iendeshayo kushoto. Hivyo dereva wa gari kama hilo hukaa upande wa ukingo wa barabara, mbali na mstari wa katikati. Akitaka kulipita lori lililo mbele yake haoni kitu mpaka alitoe gari lake karibu lote nje. Ndiyo maana abiria aliyekaa mbele upande wa kushoto hugeuzwa kuwa jicho la dereva. Huchungulia, akasema, "Njia ipo," au, "Ngoja." Mara nyingi mtu huyo ni mchuuzi wa nguo au mwanafunzi, hajawahi kuendesha hata mkokoteni, naye amekabidhiwa roho za watu kumi na wanane.

Liko na jambo la pili lisiloonwa mara moja. Mlango wa abiria wa Hiace hizo umewekwa ubavu wa kushoto, kwa ajili ya nchi ziendeshazo kushoto. Zikifika Burundi mlango huo hufungukia upande wa katikati ya barabara. Mama anayeshuka Magara na mtoto mgongoni hukanyaga kwanza mahali ambapo magari mengine yanapita. Hakuna ubaya katika gari lenyewe. Lilitengenezwa kwa barabara nyingine.

Katika barabara hii na magari haya, chukuliwa dereva mmoja wa Hiace, mtu wa makamo, aliyeanza kazi akiwa utingo wa malori ya mawese. Siku moja aliondoka Bujumbura asubuhi, gari likiwa limejaa. Mbele, upande wa kushoto, alikaa askari wa jeshi aliyekuwa akienda likizo kwao Rumonge, na begi lake la kijani likiwa katikati ya miguu yake. Nyuma yake alikaa mzee mmoja wa kanzu na kofia, mkazi wa mtaa wa Waswahili wa Rumonge, kisha akina mama wawili wa biashara, kijana mwenye simu mbili, na wengineo.

Mpaka Gitaza mambo yalikuwa mema. Baada ya Gitaza, dereva akaona kwenye kioo Hiace nyingine ya njia hiyo hiyo, iliyoondoka kituoni baada yake. Ilikuwa ikija kwa mbio. Dereva wa nyuma alikuwa na sababu yake, nayo haikuwa ya kipuuzi. Rumonge magari hupakia kwa zamu. Atakayetangulia kufika ndiye atakayetangulia kupakia, na anayefuata huweza kungoja saa nzima au zaidi. Jioni madereva wote wawili watampelekea tajiri hesabu yake, na tajiri haulizi nani alitii kibao. Huuliza fedha.

Katika mlango wa Magara kilikuwako kibao cha duara chenye ukingo mwekundu, na namba yake ilisomeka vizuri. Dereva wa mbele akaondoa mguu kwenye mafuta, akapunguza gia, sindano ya mwendo ikashuka. Kioo chake kikajaa uso wa gari la nyuma. Honi ikalia mara moja, kisha mara tatu, kisha taa kubwa zikawaka na kuzimika mchana huo wa jua.

"Mzee, kanyaga kidogo," akasema kijana wa simu mbili. "Hata baiskeli zitatupita."

"Mwache aendeshe," akasema mzee wa kanzu.

"Baba, tumemwachia tangu Bujumbura!" akajibu mama mmoja wa biashara, na gari zima likacheka.

Askari hakucheka. Alimgeukia dereva akasema kwa sauti ya chini, "Dereva, nina likizo ya siku nne. Siku moja imekwishia kambini nikingoja karatasi."

"Pole, afande," akasema dereva. "Tukitoka Magara nitakwenda. Hapa siwezi."

Ni rahisi kuandika kwamba dereva mwema hajali maneno ya watu. Anajali sana. Mtu mwenye gari nyuma yake linalopiga honi huona shingo yake ikipata joto, na mguu wake wa kulia hutaka kutii kabla akili haijasema neno. Amezoea tangu utoto kwamba anayemzuia mwenzake njiani ni mtu mbaya. Aidha abiria ndio wamlipao. Polisi akimkamata kwa mwendo, abiria watamwonea huruma. Akienda polepole, abiria hao hao watamdharau. Hivyo sheria ya usalama barabarani, ile ya Burundi ya mwaka 2012 au nyingineyo, huwa nyonge sana ndani ya gari lililojaa watu wenye haraka, na aliyebaki kuisimamia ni mtu mmoja aliyeshika usukani, mgongo wake ukiwaelekea wote.

Madereva walio katika hali hiyo huangukia makosa mawili. La kwanza lajulikana: kukanyaga mafuta ili honi inyamaze. La pili halitajwi sana, nalo ni baya vilevile. Dereva hukasirika, akajifanya polisi. Huliweka gari lake katikati ya barabara ili mwenzake asipite, au mwenzake anapojaribu kupita naye huongeza mwendo, magari mawili yakaenda ubavu kwa ubavu yakielekea kwenye kona. Mtu wa namna hiyo husema moyoni kuwa anatetea sheria. Kwa hakika ameiacha sheria, amekwenda kutetea heshima yake.

Dereva wa makamo hakufanya hili wala lile. Alikaa upande wake wa kulia, sindano ikiwa pale pale. Alijua kwamba mbele, baada ya soko kwisha, pana mahali barabara imepanuka ambapo lori huweza kusimama, naye alikusudia kuwasha taa ya ishara pale, asogee kando na kumpungia mwenzake mkono apite. Ilibaki dakika moja hivi. Mwenzake hakuwa nayo.

Hiace ya nyuma ikatoka. Utingo wake alikuwa ametoa kichwa dirishani akipunga mkono, maana yake njia ipo. Ilikuwapo kweli, hapakuwa na gari lililokuja mbele. Lakini msichana mmoja wa miaka kumi hivi, aliyetoka ziwani na dumu la maji kichwani, alikuwa ameliona gari la kwanza likija taratibu, akalipima, akaingia barabarani. Hakuliona la pili, kwa kuwa la kwanza lilikuwa limelificha. Dereva wa makamo akakanyaga breki mpaka abiria wakaja mbele wote. Hiace iliyopita ilipiga honi ndefu, haikupunguza mwendo, ikaenda. Msichana aliruka nyuma. Dumu likaanguka, likajipiga kwenye lami, maji yakatapakaa hadi kwenye magurudumu ya gari lililosimama.

Hakuumia. Alisimama akitazama maji, akaliokota dumu, akaligeuza kuona kama limepasuka, kisha akashuka tena kuelekea ziwani.

Ndani ya gari hakuna aliyesema kitu kwa muda. Gari lililopita, kama mtu akipiga hesabu, lilikuwa limejipatia chini ya dakika moja. Sehemu ya makazi yenye urefu wa kilometa 2 huchukua dakika 2 na sekunde 24 kwa mwendo wa kilometa 50 kwa saa. Kwa mwendo wa 80 huchukua dakika 1 na nusu. Tofauti ni sekunde 54. Msichana yule alitakiwa kurudi chini ziwani, ateke upya, atwike, apande tena na kuvuka tena.

Hesabu nyingine wanayofundishwa madereva, na ambayo husahauliwa upesi, ni ile ya kusimama. Gari liendalo kilometa 50 kwa saa hukata karibu mita 14 kila sekunde. Dereva mwenye afya na asiyelewa huhitaji kama sekunde moja tangu aone hatari hadi mguu ufike kwenye breki. Mita 14 zimekwisha kabla breki haijagusa. Kisha gari, likiwa na breki nzuri na lami ikiwa kavu, huhitaji mita 14 nyingine hivi ili lisimame. Jumla ni mita 28. Kwa mwendo wa 80, sekunde ile ya kwanza peke yake hula mita 22, na breki huhitaji mita 35 hivi. Jumla ni kama mita 57. Mwendo haukuongezeka hata mara mbili, ila umbali wa kusimama umeongezeka mara mbili. Na hiyo ni lami kavu. Lami iliyomwagikiwa mawese kutoka dumu la baiskeli, au iliyoletewa tope na kijito cha mlimani, haimo katika hesabu hiyo.

Shirika la Afya Duniani hueleza jambo hilo kwa namna nyingine: mwendo wa wastani wa magari ukiongezeka kwa asilimia 1 tu, hatari ya ajali ya kuua huongezeka kwa asilimia 4 hivi. Tena mtembea kwa miguu akigongwa na gari liendalo kilometa 65 kwa saa, hatari yake ya kufa ni mara nne na nusu ya ile ya kugongwa kwa mwendo wa 50. Kati ya 50 na 65 dereva hahisi tofauti yoyote kitini. Redio huimba vilevile.

Gari lilipoanza kuondoka, askari ndiye aliyevunja ukimya, naye hakumsema dereva aliyepita.

"Katika msafara wa jeshi," alisema, "lori lililo bovu kuliko yote ndilo linaloweka mwendo. Mnaambiwa namba, na nafasi ya kuachiana. Ukiwa na gari jipya utanung'unika, lakini utakaa nyuma ya lile bovu."

"Na ukilipita?" akauliza kijana.

"Utaeleza mbele ya mkubwa wako kwa nini umelipita."

"Hapa hakuna mkubwa," akasema kijana.

Mzee wa kanzu akakohoa, lakini hakujibu. Mama wa biashara akasema kwamba yeye ana watoto watatu wa umri wa yule, naye huwatuma maji kila siku huko kwao Minago, barabara ni hiyo hiyo. Akaanza kulifunga upya furushi lake ambalo halikuwa limefunguka.

Swali la kijana ni kubwa kuliko alivyodhani, na nchi kadhaa za Afrika ya Mashariki zimejaribu kulijibu. Kenya, mwaka 2004, chini ya Waziri wa Uchukuzi John Michuki, iliamuru matatu zote zifungwe kidhibiti mwendo ili zisizidi kilometa 80 kwa saa, na kila kiti kiwe na mkanda. Kwa muda barabara zilitulia, na watu walistaajabu kuona matatu ikienda kama gari la mchungaji. Baadaye mafundi wa vichochoroni walijifunza kukichezea kifaa kile. Tanzania imeweka vibao vya 50 katika vijiji vilivyo kando ya barabara kuu, na polisi wake hupima mwendo kwa chombo cha mkononi ambacho madereva wamekipa jina la tochi. Tochi hiyo imefundisha adabu nyingi, lakini imefundisha pia madereva kupeana ishara ya taa kwamba polisi yuko mbele, na baada ya tochi kupita mguu hurudi palepale. Jambo la kuchekesha ni kwamba dereva aliyezoea vibao hivyo, akivuka mpaka wa Manyovu na Mugina kuingia Burundi, hubadili upande wa barabara bila kukosea kwa kuwa anaogopa kufa, lakini vijiji vya upande wa pili huvipita kama kwamba havina watoto.

Kwa upande mwingine, haifai kusema kwamba watu wa barabara hii walizaliwa na haraka. Katika miaka ya vita vilivyoanza 1993, barabara za Burundi zilikuwa njia za hofu, na mtu mwenye hofu hukanyaga mafuta. Baadaye ikaja taabu ya petroli, ambayo katika mwaka 2022 na miaka iliyofuata iliwafanya madereva walale kwenye foleni. Aliyepoteza siku mbili foleni hutaka kuzirudisha barabarani siku ya tatu. Na penye lami mpya mguu hushawishika zaidi. Benki ya Maendeleo ya Afrika iliidhinisha mwaka 2018 mradi wa kuitengeneza upya sehemu ya kilometa 45 kati ya Gitaza na Rumonge, pamoja na kilometa 260 za Kabingo, Kasulu na Manyovu upande wa Tanzania. Barabara njema ni neema kwa muuza samaki, maana samaki hufika sokoni hajaharibika. Lakini zamani mashimo yaliwalinda watoto bila kuombwa, na yakizibwa hapana budi kazi hiyo ifanywe na mtu.

Ajabu ni kwamba dereva anayekwenda mbio kwa sababu ya taabu ya petroli huiteketeza petroli hiyo hiyo. Kukimbia, kufunga breki, kisha kukimbia tena hunywa mafuta kuliko mwendo wa namna moja. Dereva wa makamo alilijua hilo kwa mfuko wake. Alikuwa akimwambia utingo wake kwamba hesabu ya tajiri huanzia kwenye tangi.

Hata hivyo ukweli lazima usemwe wote. Baada ya Magara dereva alifanya kama alivyoahidi. Akakanyaga, gari likapata pumzi, upepo wa ziwa ukaingia, na milima ya Ubwari ya upande wa Kongo ikaanza kuonekana kwa mbali juu ya maji. Minago alipunguza tena, kijana akaguna tena, kidogo zaidi. Walipofika Rumonge, ile Hiace nyingine ilikuwa imefika zamani. Haikukamatwa na mtu, haikupasua gurudumu, haikupata lolote kati ya yale ambayo hadithi za namna hii hupenda kuyasimulia. Ilikuwa kwenye zamu, nusu imekwisha kujaa, na dereva wake alikuwa kibandani akinywa chai.

Dereva wa makamo akapanga gari lake nyuma. Askari alishuka, akavuta begi lake, akampa mkono. "Asante, mzee," alisema. Yule kijana wa simu mbili alikwisha potea sokoni. Mzee wa kanzu alisimama kidogo kando ya dirisha akauliza kama dereva atarudi siku hiyo, kwa kuwa ana mjukuu wa kupelekwa Bujumbura, hospitali, naye angependa apande gari hili. Dereva akamwambia kwamba zamu yake itafika alasiri, huenda saa kumi.

"Tutangoja," akasema mzee.

Ikawa ni kungoja kweli. Gari la kwanza liliondoka, jua likapanda, utingo akalala juu ya kiti cha nyuma. Wanawake walikuja na madumu ya mawese yaliyofungwa kwa majani midomoni, wakabishana bei ya mzigo. Dereva alipiga hesabu yake kidoleni akaona kwamba safari ya tatu ya siku hiyo haitakuwapo tena. Jioni angempelekea tajiri pungufu, naye angepaswa kueleza. Alikwisha kueleza mara nyingine. Tajiri alimwambia wakati ule kwamba kuna vijana kumi wanaotaka usukani huo, na maneno hayo yalikuwa kweli.

Saa kumi na robo gari lilijaa. Mtoto mgonjwa alilazwa mapajani mwa bibi yake katika kiti cha mbele, mahali alipokuwa amekaa askari. Bibi alikuwa na wasiwasi, na kabla hawajafika hata mto wa kwanza aliuliza kama hawawezi kwenda upesi zaidi, kwa kuwa mtoto ana homa. Swali hilo ni gumu kuliko honi. Dereva akamwambia, "Tutakwenda upesi, bibi, mahali penye nafasi. Penye watu tutapita polepole. Hatutasimama njiani kupakia mtu." Naye alitimiza, abiria walionyosha mikono Minago aliwapita, na nauli zao zikabaki barabarani.

Walifika Magara jua likiwa limegusa milima ya Kongo. Wavuvi walikuwa wakishusha mitumbwi yao majini na kuzitengeneza taa zao, maana dagaa hufuata mwanga usiku. Soko lilikuwa likifungwa, na hapo ndipo barabara hujaa kuliko saa zote, kwa sababu kila mtu anarudi kwake na kila mwenye mbuzi anamtafuta. Dereva akapunguza gia. Nyuma yake lori la mapipa likawasha taa zake kubwa, mwanga ukajaa ndani ya Hiace, ukamulika uso wa mtoto aliyelala.

Safari hii mahali palipopanuka palikuwa karibu, kabla ya soko. Dereva aliwasha taa ya ishara, akasogea kando mpaka gurudumu likakanyaga changarawe, akatoa mkono dirishani akaupunga. Lori likapita taratibu, dereva wake akipiga honi moja fupi ya shukrani. Liliingia katikati ya watu kwa mwendo ule ule wa taratibu, kwa kuwa mbele yake kulikuwa na baiskeli mbili zenye madumu, na mtu hapiti baiskeli mbili penye umati.

Hiace ikarudi barabarani, ikafuata nyuma ya lori.